Ameoa, Ameolewa

Werugha,
Jumatatu, 5 Mei 2025

Kituku wangu, mume wangu (nimeandika neno hilo kisha nikalisoma kwa sauti),

Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu tutoke kanisani Mraru, na bado nikiamka naangalia kidole kabla sijaangalia dirisha. Pete ipo. Wewe hupo, uko Bomeni na pampu zako za maji, lakini pete ipo, basi naamka nanawa uso.

Unakumbuka kiapo chetu cha wino? Simu ni ya unga, ugonjwa na "umefika?" Mambo ya moyo ni kwa karatasi, mwaka mzima wa kwanza, ili watoto wetu waje wasome jinsi tulivyokuwa. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Wewe hukucheka, uliniuliza tu kama napenda karatasi yenye mistari au isiyo na mistari. Hapo nilijua sikukosea. Barua hii atakuletea Danson, yule dereva wa lori la kabeji anayeteremka kutoka huku kila Jumanne na Ijumaa kwenda soko la Taveta. Ikinuka kabeji usinilaumu. Chini ya kabeji kuna mimi.

Sasa kazi. Nyumba iko juu ya matuta ya mboga, ukungu unaingia kwa mlango kama mgeni asiyebisha. Bosi wangu ni Daktari Mwanzia, mwanasosholojia wa chuo kikuu, aliyechukua likizo ya miezi sita ili amalize utafiti wake. Anatafuta kujua kwa nini kule vyuoni wengine hupanda vyeo na wengine hawapandi. Ofisi inapewa nani, jina la nani linaandikwa kwanza kwenye makala, mwanamume au mwanamke, mzungu mgeni au mtu mweusi wa hapa, Mhindi, Mwarabu. Wanafunzi wake walizunguka vyuo vingi wakarekodi wahadhiri arobaini. Majina yamefichwa, kila mtu ni nambari. Wengi wao walichagua kusema Kiswahili. Daktari anasema Kiingereza ni cha kuandikia malalamiko, Kiswahili ni cha kulalamika.

Mimi nasikiliza, nachapa Kiswahili, halafu naandika rasimu ya Kiingereza, kwa kuwa wakubwa watakaopokea ripoti wanasoma Kiingereza. Ndiyo, mimi, Wayua wa kidato cha nne! Daktari aliona alama zangu za lugha, akasema, "Kichwa hiki kilikuwa kinauza mitumba Voi?"

Siku ya kwanza nilisalimu kwa heshima zote nilizofunzwa, nikakatizwa. "Niite Daktari. Cheo hicho nilikisotea miaka kumi na moja." Basi nasema Daktari, hata nikiwa peke yangu jikoni. Na moyo wake, Kituku! Aliona natetemeka kwa baridi, akavua sweta yake mwenyewe, ya kijivu, akanivika. Jioni alinipikia kimanga, chakula cha Wataita cha muhogo na maharagwe, akasimama hapo mpaka nikamaliza sahani. Nimebahatika kwa wewe, na sasa nimebahatika tena.

Busu la kila herufi,
Mkeo, Wayua wa Kituku

*

Bomeni,
Jumamosi, 10 Mei 2025

Mke wangu mpendwa,

Barua ilifika. Ilinuka kabeji na niliinusa hivyo hivyo. Vijana wa hapa waliniona, sasa wananiita Bwana Kabeji.

Mimi niko salama. Pampu ya pili ilikwama Jumatano, mifereji ikakauka, wenye migomba wakaja kunisimamia kichwani kama wafiwa. Kumbe ni kipande cha gunia kilinaswa ndani. Nilikitoa, maji yakaja, wakanipa mkungu mzima wa ndizi. Nimeutuma kwa Danson. Kula, na uonjeshe wa nyumba hiyo.

Nimefurahi kwamba kazi ni nzuri. Sikujua kama kazi ya kuchapa huja na sweta. Ningekununulia hata mbili hapa Taveta kama ungesema una baridi.

Huyo Daktari Mwanzia ni wa umri gani? Nauliza tu.

Nakupenda. Mimi si mtu wa maneno mengi, unajua.

Mumeo,
Kituku

*

Werugha,
Jumatatu, 19 Mei 2025

Kituku wa roho yangu,

Ndizi zilifika zikiwa na alama za vidole vyako, au nilijiambia hivyo. Tulizila siku tatu. Daktari anasema wewe ni mume anayejua kutuma salamu.

Uliuliza umri. Arobaini na saba! Lakini ukiona anavyopanda matuta haya asubuhi huwezi kuamini, mimi wa miaka ishirini na mbili nabaki nyuma nikihema. Juzi kulinyesha, njia ikawa utelezi, Daktari akanishika mkono kuanzia mtoni mpaka mlangoni, huku tukicheka kama watoto. Usiku huo bati la chumba changu likavuja. Nilitaka kusogeza godoro tu. Daktari akakataa, akanipa kitanda chake, akalala kwenye kochi. Mtu mwenye shahada ya juu kabisa, kwenye kochi! Nilitamani ungekuwepo uone kwamba watu wa aina hii bado wapo.

Sasa nikuambie kuhusu Nambari Kumi na Saba, maana nililia juu ya kompyuta. Ni mwanamke anayefundisha hesabu, na ukimsikia unajua ni Mswahili wa kwao. Nakuandikia alivyosema:

"Wazungu wawili wageni walifika Jumatatu, Jumatano wana ofisi. Mimi mwaka wa tatu nasomesha, mitihani nasahihisha nimekaa kwenye ngazi. Nikiuliza naambiwa, nyinyi Waarabu mna maduka, ofisi mwaitakia nini? Babangu ni fundi cherehani hapo Voi, duka hata la peremende hana. Siku hiyo mkuu wa idara akanijia pale ngazini, akanipa ufunguo wake. Akaniambia, 'Ingia, mimi nina miguu.' Muhula mzima akafanya kazi koridoni, kiti kimoja na stuli. Naye alikuwa ameoa juzi tu, pete ingali mpya kidoleni. Mwaka wa pili yake hakurudishiwa ukuu."

Nilimpenda mwanamume huyo. Ameoa juzi, ana pete mpya, na badala ya kukimbilia cheo anatoa ufunguo. Nikasema, huyu ni Kituku wangu kabisa, ila huyu ana digrii. Daktari aliposoma Kiingereza changu alivua miwani, akasema ni vizuri kujua mwanamume kama huyo aliwahi kuwepo. Amemweka kwenye jedwali kubwa, lile la waliofungua mlango na waliofunga. Jedwali hilo ndilo moyo wa ripoti. Litasomwa Voi tarehe 27 Juni mbele ya wakubwa wa vyuo, na wakilikubali, Daktari anasema watalazimika kubadilisha namna ya kupandisha watu vyeo. Akili yake, Kituku. Naweza kumsikiliza kutwa.

Wako daima na milele,
Wayua wa Kituku

*

Bomeni,
Jumamosi, 24 Mei 2025

Wayua,

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya nne niliisomea nyuma ya nyumba ya pampu, ambako kelele ni nyingi na mtu hawezi kukuuliza una nini.

Sina elimu ya Daktari wako. Mimi ni fundi, nilisoma mpaka ulipofika wewe na sikupata alama zako. Lakini najua mambo machache. Mwanamume havui sweta mwilini mwake akamvika mke wa mwenzake. Hampikii na kumsimamia ale. Hamshiki mkono kutoka mtoni. Na kitanda, Wayua. Unaniandikia mimi, kwa mwandiko wako mzuri, kwamba ulilala kwenye kitanda cha mwanamume, na unataka nifurahi kwamba watu wa aina hii bado wapo.

Najua hujafanya baya. Ungelifanya usingeliandika. Ndiyo sababu naumia zaidi, kwa sababu huoni. Yeye anaona.

Mwisho wa mwezi huu rudi Mraru kwa mama. Mwambie Daktari asante. Kazi nyingine itapatikana. Sikuamuru, nakuomba, lakini nakuomba kama mtu aliyekwisha kufunga mlango.

Kituku

*

Werugha,
Jumatatu, 26 Mei 2025

Kituku, Kituku, Kituku,

Daktari ni mwanamke.

Nimeandika peke yake kwenye mstari ili usiikose. Anaitwa Ndila. Ndila Mwanzia. Mwanzia ni jina la mume wake, mwalimu huko Kibwezi. Ile siku ya kwanza nilimsalimu "habari, madam," ndipo akanikatiza, maana anasema wenzake wanaume huitwa Daktari na Profesa lakini yeye tangu ahitimu ni madam tu, madam wa masomo, madam wa chai. Nikatii. Nikasema Daktari, Daktari, mpaka nikasahau kwamba wewe hukumwona!

Nilipoifungua barua yako nilicheka, nisamehe. Nilicheka nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Mume wangu ana wivu juu ya mama wa watoto wawili mwenye nyonga inayouma wakati wa baridi. Nilisoma barua zangu kichwani, na kweli, hakuna mahali niliposema. Lugha yetu haisemi. Alivua, alipika, alinishika. Sweta ilivuliwa na nani? Umemweka mwanamume pale, mwenye mabega, labda na ndevu, kwa sababu nilisema daktari.

Halafu nikaacha kucheka.

Kwa sababu na mimi nimefanya hivyo, Kituku. Mwezi mzima. Wahadhiri wanasema "mkuu wa idara alinikatalia," "msimamizi wangu alinitetea," "karani alipoteza faili." Kwa Kiswahili inatosha. Kwa Kiingereza lazima uchague, mwanamume au mwanamke, huwezi kuendelea na sentensi bila kuchagua. Nilichagua bila hata kujua kwamba nachagua. Wakuu wote niliwafanya wanaume. Makarani wote niliwafanya wanawake. Anayeandaa chai, mwanamke. Mwenye ufunguo, mwanamume.

Nilikimbia kwa kompyuta, nikafungua ile sauti ya Nambari Kumi na Saba. Nimeisikiliza mara sita. Hasemi "ameoa." Anasema "ameolewa." Alikuwa ameolewa juzi tu. Mkuu wa idara alikuwa bi harusi, Kituku, kama mimi. Sikio langu lilisikia ameolewa na mkono wangu ukaandika ameoa, kana kwamba unasahihisha kosa la mwenye kusema. Na nina pete kidoleni! Mwezi huo huo watu wote Mraru walikuwa wakisema Wayua ameolewa, Wayua ameolewa, na neno lenyewe lilipopita masikioni mwangu sikulitambua.

Nimehesabu. Kuna mahali themanini na nane ambapo anatajwa mkubwa fulani. Hamsini na tatu niliwapa uanaume bila ushahidi wowote. Jedwali la Daktari limejengwa juu ya hao. Kesho alfajiri anateremka Voi kulipeleka kwa mchapishaji. Nisipomwambia, atasimama mbele ya wakubwa na hesabu ya uongo, kuhusu wanawake, iliyotengenezwa na mwanamke. Nikimwambia, nadhani utapata ulichoomba, nitakuwa Mraru mwisho wa mwezi.

Usinikasirikie mpaka unijibu.

Wayua

*

Werugha,
Jumanne, 27 Mei 2025, alfajiri

Kwa Daktari Ndila Mwanzia,

Shikamoo. Nimeiweka barua hii ndani ya faili la jedwali kwa sababu najua utalifungua kabla ya kumpa mchapishaji. Kuisema uso kwa uso nilishindwa. Mara mbili nimesimama mlangoni pako na kikombe cha chai, mara mbili nimerudi.

Jedwali si la kweli. Si wewe uliyekosea, ni mimi. Orodha imeambatishwa, mahali hamsini na tatu nilipoandika mwanamume na mwenye kusema hakusema hivyo. Nimeweka nyota penye Nambari Kumi na Saba. Pale alisema ameolewa, mimi nikachapa ameoa. Ukisikiliza dakika ya thelathini na moja utamsikia mwenyewe.

Najua uliniamini. Nitafua sweta na kuikunja. Nitasubiri mpaka urudi ili nikukabidhi funguo na kompyuta.

Msaidizi wako,
Wayua

*

Voi,
Ijumaa, 30 Mei 2025

Wayua,

Nilifungua faili kwenye kaunta ya mchapishaji, mashine ikiwa imekwisha kuwashwa. Nikamwambia aizime. Alinitazama kama mtu aliyeomba mkate urudishwe kuwa unga.

Sitakudanganya. Siku ya kwanza nilikukasirikia sana. Miaka mitatu ya kazi, na wiki nne zimebaki. Siku ya pili nikajikasirikia mimi, kwa kuwa rasimu ilikuwa yako lakini kuisahihisha kulikuwa kwangu, na mahali hamsini na tatu nilipita bila kusimama. Sikuuliza hata mara moja, "Umejuaje?" Wanaume hao nami niliwaona wa kawaida.

Leo, siku ya nne, ndipo nilithubutu kusikiliza dakika ya thelathini na moja.

Wayua, yule mkuu wa idara ni mimi. Nilikuwa kaimu tu, miaka kumi na mitatu iliyopita, wiki ya tatu baada ya harusi yangu. Mwalimu wa hesabu alikuwa akisahihisha mitihani kwenye ngazi, nami nilichoka kumruka kila nikipita. Nilisema nina miguu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema hivyo. Niliposoma Kiingereza chako nilimwona mwanamume mrefu mwenye roho nzuri, nikafurahi kwamba yupo mtu aliyefanya kitu kama nilichofanya mimi. Nilimwonea hata wivu kidogo, kwamba wema wake ulikumbukwa. Nafanya utafiti juu ya wanawake wanaofutwa, na nilifutwa kwenye meza yangu mwenyewe, na nikampongeza aliyewekwa mahali pangu.

Kwa hiyo usikunje sweta. Jumatatu tunaanza nambari ya kwanza. Tutasikiliza zote arobaini, na penye shaka wanafunzi watawapigia simu wenyewe waulizwe. Pasipojulikana tutaandika kwamba hapajulikani. Utaandika sura fupi kueleza ulivyokosea na ulivyogundua, na itachapishwa chini ya jina lako, si katika shukrani za mwisho ambazo hakuna anayezisoma.

Kuhusu jina, fikiri kabla ya kuniandikia. Mimi nilikuwa Ndila Ndolo nilipochapisha makala yangu matano ya kwanza. Nilipoolewa nikabadilisha kwa furaha, na makala yale yakabaki yatima. Kuna watu wanaoyanukuu mbele yangu na hawajui ni yangu. Simlaumu Mwanzia, hata hakuniomba. Nakuambia tu.

Daktari Ndila

*

Werugha,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mume wangu,

Danson amepanda huku mara nne tangu nikuandikie, mikono mitupu. Namuuliza, anakwepa macho anasema kabeji zimeshuka bei. Ukipiga simu unauliza nimekula, nasema nimekula, unasema sawa. Kiapo cha wino hakikusema kwamba mmoja akiona haya kalamu inakauka.

Sikufukuzwa. Soma barua ya Daktari, nimeinakili yote nyuma ya karatasi hii, maana nikiisimulia nitalia tena. Tunafanya kazi kuanzia saa moja asubuhi mpaka macho yanakataa. Sasa kila nikifika kwenye "yeye" nasimama, namuuliza Daktari, "Tumejuaje?" Yeye naye ananiuliza. Tumekuwa kama polisi wa barabarani. Wakubwa ishirini na mmoja wameshageuka wanawake. Nilidhani wote watakuwa wema kama yeye, nikaanza kushangilia. Sivyo. Kumi na wawili walifungua mlango, tisa waliufunga na kuukalia. Nilitaka kuwaacha hao tisa wabaki wanaume, Daktari akanitazama tu, nikaandika.

Lakini kuna jambo la jina, na hili naliogopa zaidi ya jedwali. Unajua ninavyopenda kuandika Wayua wa Kituku. Naliandika hata kwenye vumbi la kioo cha lori la Danson. Daktari anataka kujua jina gani liende kwenye kitabu. Moyo unasema Wayua Kituku. Cheti changu kinasema Wayua Kiema, jina la baba. Nikiandika la baba, utadhani nimevua pete? Kwa barua ile uliyosema umefunga mlango, sijui hata kama nabisha hodi kwa mume wangu au kwa mtu mwingine.

Nijibu hata kwa mstari mmoja. Nitaukubali hata usiokuwa na mapenzi, mradi mwandiko ni wako.

Wayua

*

Bomeni,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Wayua wangu,

Kalamu haikukauka. Nilianza barua tano, zote nikazitumia kufutia grisi.

Nilipofika mahali ulipoandika "Daktari ni mwanamke" nilikuwa mbele ya Danson. Alikuwa anasubiri jibu. Nilimwonyesha mstari huo, akapiga goti chini sokoni pale, anacheka, anashika tairi. Yeye haniiti Bwana Kabeji kama vijana wa hapa. Ananiita mume mwenza wa Mama Ndila. Na jambo la kuniua ni hili: ile wiki ya wivu nilimuuliza kwa ujanja, huyo Daktari wa Werugha unamjua? Akajibu, "Namjua sana, mtu mzuri, hunipa chai." Mtu mzuri! Nikalala na hilo siku nne.

Nilikuwa naona aibu. Si kwa kukosea tu. Nilikuandikia kama mtu aliyefunga mlango, halafu nasoma barua ya Daktari, kuhusu ufunguo. Mimi nina nyumba ya vyumba viwili ambayo bado nailipia kodi, na tayari nimekuwa wa kufunga milango. Nisamehe. Ule mstari nimeufuta kwenye kichwa changu, ukitaka ufute na wewe kwenye karatasi, lakini barua usiitupe. Watoto waje wasome jinsi tulivyokuwa.

Jina. Nimelifikiria kila siku nikifunga pampu. Ni nani aliyekaa kwenye chumba cha mtihani akapata alama zile? Siye mke wangu, sikuwa nimekuona bado. Ni Wayua Kiema. Basi andika jina lililofanya mtihani. Wangu utaendelea kuwa kwenye barua, na kwenye vumbi la kioo cha Danson.

Sasa habari ya hapa. Tumeletewa fundi mkuu mpya kutoka Mwatate, ndiye bosi wangu. Ana sauti nene, anafungua vali kwa mkono mmoja, anaimba kwaya akiwa chini ya mtambo, na siku ya kwanza aliniambia kazi yangu ni safi ila naweka grisi kama anayepaka mkate siagi. Nimempenda. Amenipa hata koti lake la mvua.

Sitakuambia zaidi. Wacha na wewe ulale siku nne.

Mumeo, ambaye mlango wake uko wazi,
Kituku

*

Voi,
Jumatatu, 30 Juni 2025

Kituku, mpenzi wangu mwenye koti la mvua la watu,

Nakuandikia kutoka Voi kwa sababu Daktari alinipa siku tatu za kupumzika, na Danson ataipitisha kesho. Ijumaa ya ripoti imekwisha.

Ukumbi ulijaa, wakubwa mbele, wahadhiri nyuma. Mtu mmoja mnene wa safu ya kwanza alisema kabla hata jedwali halijaonyeshwa kwamba ameshangaa, maana Kiswahili hakina mambo ya yeye mwanamume na yeye mwanamke, kwa hiyo sisi tayari tuna usawa tangu mababu. Watu wakapiga makofi. Daktari aliomba kila mtu achukue karatasi, akaniashiria, nikaweka sauti ya Nambari Kumi na Saba, ambaye alikuwa ametupa ruhusa. Tulikata kipande kabla ya neno ameolewa. Daktari akawaomba waandike kitu kimoja tu: mkuu wa idara mwenye ufunguo ni mwanamume au ni mwanamke?

Mimi ndiye niliyekusanya karatasi. Mia moja na kumi na nne. Mia moja na mbili zilisema mwanamume. Nilizisoma kwa sauti nikiwa nimesimama mbele yao, na mwandiko wa nyingi niliona ni wa wanawake. Yule mnene aliomba arudishiwe karatasi yake, akaitazama kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

Hapo mama mmoja akasimama katikati ya ukumbi, amevaa buibui, miwani imekaa puani. Sauti ile nimeisikia masikioni mwangu siku nyingi mno, nisingeikosa hata sokoni. Alisema jina lake ni Sumayya, anafundisha hesabu, na alikuwa amekubali kufichwa nambari lakini leo hataki tena.

"Alikuwa ameolewa," akasema. "Mimi nilisema ameolewa. Naye ni huyo hapo mbele yenu, na viatu vyake vya miguu ile ile."

Daktari wangu, Kituku, ambaye hukatiza kila mtu, hakumkatiza. Aligeukia ubao akajifanya anatafuta kalamu.

Wakubwa hawajakubali wala kukataa, wamechukua ripoti waende wakaisome. Daktari anasema huko ndiko ripoti nyingi hufia, lakini hii ina watu mia moja na kumi na nne waliotoka na karatasi zao vichwani. Mimi nina nakala yangu. Ukurasa wa sitini na mbili, sura fupi, na chini ya kichwa: Wayua Kiema. Nimeligusa kwa kidole chenye pete. Vyote viwili vilikaa vizuri pamoja.

Sasa huyo fundi mkuu. Sauti nene, vali kwa mkono mmoja, koti. Nililala siku nne kweli, mbili kwa kucheka na mbili kwa jambo lingine, sikufichi. Siku ya kwanza nilimwona mwanamume. Siku ya pili nikamgeuza mwanamke ili nionekane nimejifunza, na hapo wivu ukaingia. Siku ya tatu nikaona kwamba wote wawili nimewabuni mimi, na wewe upo, unaweza kuulizwa.

Basi nauliza. Anaitwa nani?

Mkeo,
Wayua Kiema, wa Kituku